Mnunuzi wa nyumba Mji wa Kale aambiwe kabla ya arbuni, si fundi akishapanda darini

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu ununuzi wa nyumba katika Mji wa Kale wa Lamu, jambo ambalo nililijua kwa hasara hapa mtaani kwetu Mkomani na kulielewa vyema, ajabu ya mambo, nikiwa nimeketi jikoni kwa mpwa wangu katika kijiji kimoja cha Uingereza.

Nianze na hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua nyumba ya ghorofa moja nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kutoka kwa warithi saba, na wakili akanifanyia upekuzi katika masjala ya ardhi kama ilivyo desturi. Karatasi iliyorudi ilisema yote yanayotakiwa kusemwa kuhusu mwenye mali: majina, namba ya kiwanja, ukubwa wake, na kwamba hakuna rehani wala zuio. Kuhusu nyumba yenyewe haikuwa na hata neno. Dari ya chumba cha ndani ilikuwa imebonyea, boriti mbili zimeliwa na mchwa, na fundi wangu akashauri tuzitoe zote tumwage zege. Nikanunua nondo na simiti, nikalipa nauli ya mashua kutoka Mokowe, nikalipa wenye punda kutoka gatini, na siku ya tatu, nusu ya boriti zikiwa zimeshateremshwa, akaja ofisa na barua ya kusimamisha kazi. Alinieleza kwa upole kwamba nyumba imo ndani ya eneo lililotangazwa kuhifadhiwa tangu 1986, na kwamba dari ya boriti na mawe ya matumbawe ni sehemu ya kile kinachohifadhiwa. Sikuwa na hoja. Nilichouliza siku ile, na ninachouliza mpaka leo, ni kwa nini maneno hayo yalinikuta nikiwa juu ya ngazi na hayakunikuta nikiwa kwa wakili.

Msomaji ataniambia kwamba mzaliwa wa Lamu hawezi kudai hakujua. Ni kweli kwamba nilijua mji wetu umehifadhiwa, kama ninavyojua kwamba maji ya bahari yana chumvi, na nilikuwapo mwaka 2001 tulipopokea habari kwamba Lamu imeingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini kujua kwamba takriban hekta 16 za mji zimo katika orodha ni jambo moja, na kujua kwamba zile boriti mbili zilizoliwa na mchwa nazo zimo, na kwamba nikizitoa natakiwa nirudishe boriti na si zege, ni jambo lingine kabisa. La kwanza hutangazwa kwa hotuba. La pili hakuna aliyenitangazia.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja ya London, mkewe ni mwalimu, na kwa kuwa bei za London ziliwashinda walianza kutafuta nyumba katika vijiji vya Buckinghamshire, kwenye vilima vya Chiltern, kando ya reli inayoishia kituo cha Marylebone. Hivi ni vijiji ambavyo wakazi wake wengi hulala kijijini na kufanya kazi mjini, wakipanda treni alfajiri na kurudi magharibi, kama wenzetu wa Mtwapa wanaoshinda Mombasa. Havikuzaliwa hivyo. Vilikuwa vijiji vya wakulima na vya wasafiri wa magari ya farasi mpaka Reli ya Metropolitan ilipofika Amersham na Great Missenden mwaka 1892, na kuanzia 1915 kampuni ya reli yenyewe ilibuni jina la Metro-land ili kuwashawishi watu wa London wahamie kandokando ya njia yake. Baadaye serikali ikaona mji utameza mashamba yote, ikaweka Ukanda wa Kijani kuuzunguka, kwanza kwa sheria ya 1938 na kisha kwa sera iliyopanuliwa nchi nzima mwaka 1955, na ndani ya ukanda huo ujenzi mpya ni adimu sana. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: nyumba za kale ni zile zile, treni hufika London kwa muda wa kama robo tatu ya saa, na wanaozitaka huongezeka kila mwaka. Ndiyo maana nyumba ambayo mimi huingia nikiinamisha kichwa inauzwa kwa fedha ambazo hapa zingenunua sehemu kubwa ya mtaa wangu.

Nyumba aliyoipata ni ya karne ya 17, ya matofali na mawe ya gumegume, na nguzo za mwaloni zilizopinda kwa uzee. Imeorodheshwa daraja la II. Uingereza majengo ya kale yenye thamani huwekwa katika orodha ya taifa yenye madaraja matatu, na zaidi ya tisa katika kila kumi yamo katika daraja hilo la chini. Mfumo huo ulianza kwa sheria ya mipango ya miji na vijiji ya 1947. Nilidhani daraja la chini maana yake ni masharti mepesi. Sivyo. Kinacholindwa ni nyumba nzima, nje na ndani, pamoja na vibanda na kuta zilizomo uani tangu kabla ya Julai 1948, na kuibadilisha tabia yake bila kibali ni kosa la jinai. Kijiji chenyewe nacho ni eneo la hifadhi, aina ya ulinzi iliyoanzishwa mwaka 1967, na kwa hiyo hata mti uliomo bustanini mwako, kipenyo cha shina lake kikizidi milimita 75, huukati mpaka uitaarifu halmashauri wiki sita kabla.

Nilipouliza aliyajuaje haya yote, mpwa wangu hakujibu kwa maneno. Alifungua kabati, akatoa faili nene, akaiweka mezani kati ya birika na vikombe, akasema, "Mjomba, haya yote niliyasoma kabla sijatoa hata senti ya arbuni."

Nilishinda na faili ile karibu asubuhi nzima. Ndani yake mlikuwa na majibu ya halmashauri kwa maswali ya wakili: je, jengo limeorodheshwa, limo katika eneo la hifadhi, kuna miti yenye amri ya kulindwa, ni vibali gani vilivyoombwa na vilivyokataliwa. Mlikuwa na ukurasa uliochapwa kutoka orodha ya taifa, ambao mtu yeyote aweza kuusoma bure kwenye intaneti, ukieleza kwa aya moja nyumba ilijengwa lini takriban, kwa vifaa gani, na ina nini cha kuangaliwa. Mlikuwa na taarifa ya tangi la maji machafu, kwa sababu nyumba za pembezoni mwa vijiji vile mara nyingi hazikuunganishwa na bomba kuu, na tangu Januari 2020 ni marufuku tangi la aina hiyo kumwaga maji yake moja kwa moja mtoni. Mlikuwa hata na karatasi inayoeleza njia ya mahandaki ya reli mpya ya kasi, ambayo hupita chini ya vilima vya Chiltern kwa kilomita 16. Hapo nilicheka peke yangu. Bandari yetu ilizinduliwa Machi 2012 na gati ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021, na ninawafahamu watu walionunua viwanja upande wa bara katika miaka ile kwa kutegemea habari za barazani tu.

Ukurasa ulionigusa kuliko yote ulikuwa wa mkaguzi wa majengo. Aliandika kwamba dirisha moja la nyuma ni la plastiki, kwamba hapo zamani bila shaka palikuwa na dirisha la mbao, na kwamba hakuna kumbukumbu ya kibali. Wakili akamweleza mpwa wangu kwamba, kwa jengo lililoorodheshwa, halmashauri yaweza kumwamuru mwenye nyumba wa sasa arekebishe kosa lililofanywa na mtu aliyemtangulia, na amri hiyo haina ukomo wa miaka. Wakarudi kwa muuzaji, bei ikapunguzwa kwa gharama ya dirisha jipya, na nilipofika mimi dirisha la mwaloni lilikuwa limeshawekwa na bado linanukia mbao mbichi. Nilisimama mbele yake nikiifikiria ile nondo yangu inayoota kutu uani.

Kulikuwa na jambo la pili katika faili ambalo nilitamani kila wakili wa Lamu alione. Chumba kimoja cha juu kimejengwa juu ya kijia cha jirani, yaani mwenye ghorofa si mwenye ardhi iliyo chini yake. Mhariri, hilo si jingine ila ni wikio. Sisi tuna mawikio yanayovuka vichochoro na kuunganisha nyumba mbili, na nyumba zile zikishauzwa kwa watu mbalimbali, au zikishagawanywa kwa mirathi mara mbili tatu, hakuna tena anayejua wikio ni la nani, nani alitengeneze boriti zikioza, na kama mwenye wikio ana haki ya kuweka ngazi uani kwa mwenzake. Tumegombana kwa ajili hiyo mpaka watu wakanuniana msikitini. Kule wakili hakukubali kuendelea, na aliyetoa fedha naye hakukubali, mpaka iandikwe nani anaegemeza nani na nani ana ruhusa ya kuingia kwa nani ili afanye matengenezo.

Nimetaja aliyetoa fedha, na najua wasomaji wa pwani wataniuliza habari ya riba. Mpwa wangu alinunua kwa utaratibu usio wa riba, ambapo taasisi hununua nyumba pamoja naye kisha yeye hulipa kodi na kuikomboa sehemu yao kidogo kidogo. Utaratibu huo ulikuwa mzito zamani kwa kuwa nyumba ilihesabika kuuzwa mara mbili na kutozwa ushuru wa stempu mara mbili, mpaka sheria ya fedha ya 2003 ilipoanza kuuondoa mzigo huo.

Siku ya tatu ya ziara yangu alikuja fundi kutengeneza ukuta wa mashariki. Kwa umri alikuwa rika langu, na mpwa wangu akawa mkalimani wetu. Fundi mwingine, miaka mingi nyuma, alikuwa ameupiga ukuta ule lipu ya simiti, na fundi huyu alikuja kuibandua. Alikuwa akiingiza patasi nyuma ya simiti, anaigonga kidogo, nayo inatoka vipande vikubwa kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma yake matofali yalikuwa meusi kwa unyevu na ncha ya nguzo ya mwaloni inachopoka kwa kidole. Akaeleza kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatema jua likitoka, ila simiti huyafungia ndani. Kisha akafunua ndoo yake. Sikuhitaji mkalimani hapo, kwa maana ilikuwa chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa, laini kama siagi, na harufu yake ilikuwa harufu ya mikono ya marehemu baba yangu, aliyekuwa mwashi na aliyechoma mawe ya matumbawe kwa magogo, akayazima, akaacha chokaa ilale kabla haijaguswa na mwiko. Nikaomba mwiko. Akanipa, nikaziba kiungo kimoja baina ya matofali mawili, na ninaamini kipo mpaka leo.

Baba alikuwa akisema hivyo hivyo, kwamba simiti huua nyumba ya mawe, na mimi mwanawe nikaagiza mifuko arubaini. Matumbawe yametoka baharini na yana chumvi ndani yake. Ukiyafungia kwa simiti, unyevu hutafuta pa kutokea, chumvi hugeuka chembe chini ya lipu, na lipu hudondoka pamoja na uso wa jiwe. Yeyote anayepita vichochoro vya Mkomani ameziona kuta zilizomenyeka hivyo hadi usawa wa kiuno. Vyumba vyetu ni vyembamba, havifiki mita 3, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, na mtu anayemwaga zege ili apate ukumbi mpana huziongezea kuta za chini mzigo ambao hazikujengewa. Haya ni mambo ya kuandikwa kwenye karatasi na kupewa mnunuzi. Si siri za mafundi.

Sitaki nionekane nimerudi na miwani ya Ulaya. Uingereza nako wana uchafu wao katika biashara hii. Bei mliyokubaliana haimfungi yeyote mpaka pande zote zibadilishane mikataba, na katikati hapo, hata ikiwa miezi minne, muuzaji aweza kumpa mwingine aliyeongeza. Mpwa wangu aliikosa nyumba ya kwanza namna hiyo, akiwa ameshamlipa mkaguzi na wakili, na hakurudishiwa kitu. Kijiji chenyewe, kwa kusema kweli, kilinitisha kidogo. Saa nne asubuhi nilitembea kutoka kanisani hadi kituo cha treni nikakutana na watu watatu, wawili kati yao wazee wenye mbwa. Fundi yule wa chokaa alizaliwa pale, lakini anaishi mji mwingine na huja kwa gari, kwa kuwa wanawe wasingeweza kupanga pale, seuze kununua. Wenye nyumba za Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani, wanajua ninachokisema.

Hata hivyo jambo la faili laweza kutengwa na hayo mengine, na halihitaji utajiri. Ninachopendekeza ni kwamba kila nyumba iliyomo ndani ya eneo lililohifadhiwa iwe na waraka wake, ukurasa mmoja au miwili, unaotayarishwa na wenye mamlaka ya urithi kwa pamoja na kaunti, na usemao: dari ni ya nini, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zipo chumba gani, mlango na daka, yaani baraza la mlangoni, ni vya asili au vimebadilishwa, wikio lipo na linaegemea ukuta wa nani, ni kazi gani mwenye nyumba aweza kuifanya bila kuomba ruhusa, na ni mabadiliko gani yaliyokwisha kufanywa bila ruhusa. Waraka huo uambatanishwe na matokeo ya upekuzi wa ardhi, ili wakili asiweze kuandaa mkataba bila kuuweka mbele ya mnunuzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ipo, na ushuru wa stempu tunaolipa kwa nyumba ya mjini ni asilimia 4 ya thamani yake. Sioni vipi kiasi hicho kishindwe kutoa karatasi mbili.

Nimeambiwa na dalali mmoja kwamba waraka wa namna hii utashusha bei. Huenda utashusha bei ya nyumba iliyoharibiwa, na ndivyo inavyostahili, kama lile dirisha la plastiki lilivyoshusha. Wengine wanasema wageni hawatazingatia. Lakini mgeni anayenunua hapa anajua kabla ya kutia saini kwamba hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, kwa kuwa Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kimesema hivyo na wakili wake hathubutu kumficha. Hujua kwa sababu kuna mtu anayelazimika kumwambia.

Mimi nilirudisha boriti. Ilinichukua mwaka na miezi, na zege sikulimwaga. Nondo niliuza kwa hasara kwa mtu anayejenga upande wa bara. Mwezi huu nyumba iliyo mkabala na yangu imewekwa sokoni, yenye wikio linaloegemea ukuta wangu, na nimemwona dalali akimpitisha mnunuzi mara mbili. Kwa kuwa waraka haupo, naomba kupitia safu hii nimjulishe bwana huyo, yeyote awaye, kwamba kabla hajatoa arbuni anakaribishwa kahawa kwenye daka langu baada ya sala ya alasiri, nimwonyeshe kutoka upande wangu ni boriti zipi zilizooza.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mkomani,
Lamu.